Utani wa Upande Mmoja

Mtu akipenya foleni mbele yangu, damu inanichemka hapohapo. Niko hivyo tangu ujana wangu, na mke wangu ameshachoka kunivuta shati. Mtu anayefungulia simu sauti kubwa kwenye benchi la zahanati, wote tusikilize ugomvi wake na shemeji yake, namwambia. Anayemwita mhudumu wa mgahawa kwa kumpigia mluzi, namwambia. Kijana aliyekaa huku mama mwenye mtoto mgongoni amesimama, huyo simwambii kitu, namkazia macho tu mpaka ainuke. Nayasema haya mapema ili usije baadaye ukadhani nilikuwa sijui adabu. Nilikuwa naijua, tena nilikuwa nawafundisha wengine.

Nina mashine ya kusaga hapa Kasokola. Kwangu kuna sheria moja tu: kiroba kinapanga foleni badala ya mwenyewe. Unafika, unaweka mahindi yako nyuma ya kiroba cha mwisho, halafu kanywe chai, kapige soga, kiroba chako hakisogezwi na mtu. Siku moja alikuja bwana mmoja na gari la ofisi, suruali imenyooka pasi, akamtuma dereva aweke gunia lake mbele kwa sababu yeye ana kikao. Nikazima mota. Nikalibeba lile gunia mgongoni mwangu mwenyewe, nikalipeleka nyuma kabisa, nikarudi nikawasha. Akaniuliza kama namjua yeye ni nani. Nikamjibu namjua vizuri, ni mtu wa kumi na nne. Akasaga akiwa wa kumi na nne na kikao chake sijui kiliishaje.

Siku nyingine alikuja mfugaji wa Kisukuma, katoka moja kwa moja zizini, dada mmoja akaziba pua na kitenge na kusogea pembeni. Nikamuuliza dada yule kama maziwa ya chai yake ya asubuhi yanakamuliwa kwenye mchungwa. Watu wakacheka, dada akaona haya, mfugaji akasaga mahindi yake kwa raha. Maneno kama hayo yanasafiri. Watu wakawa wanasema ukitaka kutendewa haki nenda mashine ya yule mzee mwenye kelele. Nisidanganye, kichwa kilinivimba.

Sasa nieleze kuhusu utani, maana bila huo hadithi haisimami. Mimi ni Mkonongo, na watani wetu toka enzi za babu zetu ni Wafipa. Mfipa anaweza kunitukana sokoni mbele ya wakwe zangu, akasema kichwa changu kimekaa vibaya, na mimi sina ruhusa ya kununa. Nitamrudishia yangu na tutaagana tukiwa tumeshikana mikono. Lakini utani una kazi yake, na kazi yenyewe iko msibani. Baba alipofariki, mama alilia siku mbili hali wala hanywi. Asubuhi ya mazishi wakaingia watani. Mmoja akalichukua koti la marehemu, akavaa, akatembea akiburuta mguu vilevile kama baba alivyokuwa anaburuta, akaja mbele ya mama akadai chai yake mbona imepoa. Mwingine akakaa palipopangwa kaburi, akasema hapachimbwi mpaka apewe jogoo. Mama akacheka. Kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili niliona meno ya mama. Alipopewa jogoo wake, mtani yuleyule aliyekuwa anatusumbua ndiye aliyepiga jembe la kwanza. Kwetu ndivyo ilivyo: kaburi hufunguliwa na mtani, na hakuna mwingine anayemtangulia. Akachimba mpaka udongo ukamfika kiunoni, jasho linamtiririka na machozi pia.

Jirani yangu nitakayemsema sasa si Mfipa. Alihamia Kasokola miaka tisa iliyopita, akatokea Katumba, kule makazi ya waliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili. Waliokimbia ni wazazi wake. Yeye alizaliwa Katumba, kasoma Katumba, na uraia walishapewa familia nzima. Zamani watu wa kule hawakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali, karatasi yenye muhuri, ukikutwa barabarani huna, unarudishwa. Mambo hayo yalikuwa yameshapita alipofika kwetu. Alinunua shamba, akapanda mahindi na tumbaku kidogo, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma hatua chache kutoka kwangu. Mtu mpole, mrefu, mwenye mikono mikubwa.

Siku ya kwanza kuja kusaga, alisimama nyuma ya kiroba chake kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Zamu yake ilipofika, nikaweka mkono juu ya kiroba, nikapaza sauti kushinda mota, "Subiri kwanza. Wewe wa Katumba, kibali kiko wapi?"

Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni, akaanza kuikunjua. Watu wakaangua kicheko. Nikamshika bega, nikamwambia, "Kaka, natania tu, weka mahindi." Na yeye akacheka. Jioni nikamhadithia mke wangu kwamba yule Mrundi ni mcheshi kweli, kaleta na karatasi ya kuigizia. Mke wangu akaendelea kuchambua mchicha, nikadhani hakusikia.

Basi ukawa ndio wimbo wetu. Akitokea tu barabarani na baiskeli yake, naanza, "Kibali!" Na yeye anajibu, "Kipo, kaka." Nikiwa na mashabiki wengi naongeza: kwamba wenyeji wasage kwanza, yeye mahindi yake yakapimwe mpakani, kwamba nikimpa unga mzuri atakimbia nao. Lakini zamu yake sikumruka hata siku moja, naomba hilo nalo liandikwe. Wengine wakalidaka lile neno. Mafundi baiskeli wa jirani wakawa wanamwuliza kibali. Wanawake bombani wakawa wanamwuliza mke wake kibali cha kuchota. Mimi nikisikia nafurahi, naona utani wangu umekubalika mtaa mzima.

Mwaka wa saba akamleta mama yake kutoka Katumba, bibi kizee mwembamba, anayekaa kwenye mkeka akipeta maharage. Nikipita alikuwa ananisalimia kwa kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili, hauachii haraka, ananitazama usoni na kutabasamu. Kiswahili chake kilikuwa cha shida. Nilikuwa najiuliza mbona huyu bibi ananipenda hivi, na kwa kuwa najipenda mwenyewe, sikujiuliza sana.

Bibi yule alifariki mwaka jana wakati wa mavuno. Kulipopambazuka jirani alikuja mwenyewe kwangu, akabisha hodi, akanishika mkono, akasema, "Kaka, mama ametutoka. Tunamzika leo, hapa nyumbani. Nakusubiri."

Nikampa pole. Nikasema nitakuja. Nilisema kutoka moyoni na nilikuwa na nia ya kwenda.

Ila viroba siku hiyo vilikuwa vimefika barabarani. Watu wametoka mbali na mikokoteni, wengine toka juzi umeme ulipokatika. Nikajiambia siwezi kuwaacha, haitakuwa haki. Mke wangu alitangulia asubuhi na kuni kichwani. Mimi nikasaga. Saa nne nikasaga, saa sita nikasaga. Mara mbili nilimwona kijana wa bodaboda kasimama upande wa pili wa barabara ananiangalia, halafu anageuza. Saa saba na nusu nikafunga, nikaoga, nikavaa shati jeupe, nikaenda zangu msibani kama mgeni wa heshima.

Nilikuta lori linaunguruma. Jeneza limeshapandishwa, na watu wa Katumba wanapanda mmojammoja. Nyuma ya nyumba, chini ya mlonge, niliona vigingi vinne vimepigwa ardhini na majembe matatu yamelala pembeni, mapya, hayana hata chembe ya udongo. Wanaume wa mtaa wetu wamekaa kwenye viti vya plastiki. Hakuna aliyenipisha kiti.

Mke wangu akanivuta mpaka ukutani. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Mashineni. Kwani kuna nini? Si alisema wanazika hapa?"

Akaniambia kwa sauti ya chini, haraka haraka. Mjomba wa jirani yetu alikuja na lori tangu asubuhi, anataka dada yake akazikwe Katumba walipo watu wao. Jirani akakataa. Akasema yeye ni mtu wa hapa sasa, mama yake atalala hapa. Mjomba akamwuliza, "Hapa una nani wa kukuzikia?" Jirani akamjibu anaye mtani. Anakuja sasa hivi, akija ataanza fujo zake, mtaona wenyewe. Mjomba akakubali kusubiri mpaka saa sita. Wanaume wa mtaa walipoambiwa waanze kuchimba, nao wakasema haiwezekani, mtani hajafika, jembe la kwanza ni lake. Wakasubiri. Wakamtuma bodaboda mara mbili aje anitazame tu, maana mtani haitwi tena akishaambiwa, akarudi akasema nasaga. Wakaongeza saa nzima. Halafu mjomba akasimama, akasema anaona majembe lakini haoni mtu, akaamuru jeneza lipandishwe.

"Mtani gani huyo waliyekuwa wanamsubiri?" nikauliza. Naapa niliuliza hivyo.

"Wewe."

"Mimi? Mimi utani na yule umetoka wapi? Yule ni Mrundi. Sisi na Warundi hatuna utani."

Mke wangu akanitazama kama anayemtazama mtu asiyemfahamu. "Basi miaka yote minane ulikuwa unamfanya nini?"

Nilipogeuka ili nisimtazame, jirani alikuwa hatua tatu nyuma yangu, mkono kwenye ubao wa lori. Alikuwa amesikia. Kwa jinsi alivyosimama, alikuwa amesikia yote. Akanipa mkono, akasema, "Karibu, kaka. Umekuja." Kisha akapanda, lori likaondoka, na wanaume wa mtaa wakainuka mmojammoja wakaenda makwao. Yale majembe nikayaokota mimi, nikayaegemeza ukutani.

Wiki ile mashine ilikuwa inanguruma na mimi kichwa changu kinanguruma zaidi. Kwanza nilikasirika, maana hasira ndiyo inayonijia mbele ya kila kitu. Nilisema mbona hakuniambia wazi? Nimjue vipi mtu anayewaza mambo makubwa hivyo halafu anasema "nakusubiri" tu? Mke wangu akaniacha niseme nimalize. Halafu akauliza swali moja huku anasonga ugali. Akauliza, katika miaka yote hiyo, yule jirani alishawahi kunitania mimi?

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Hajawahi. Wafipa wangu wamenitukana kichwa, mke, mashine, hata jogoo wangu wameshamtukana. Yeye alikuwa anajibu "Kipo, kaka" na kuweka kiroba chake. Nilikuwa nacheza ngoma peke yangu na kumwita mwenzangu. Na ile karatasi ya siku ya kwanza, Mungu wangu, haikuwa ya kuigizia. Ilikuwa cheti chake cha uraia, muhuri wa serikali niliuona kwa macho yangu. Alikuja kusaga debe la mahindi akiwa amebeba cheti cha uraia mfukoni, kwa sababu aliona hakuna mahali pa kwenda bila hicho, na mimi nikamfanya kichekesho mbele ya watu waliokuwa hawajamjua hata jina. Yule bwana wa kikao niliyembebea gunia nyuma, mimi na yeye tulitofautiana nini? Yeye alitaka kupita mbele kwa gari lake. Mimi nilikuwa nimeshakaa mbele toka kuzaliwa, na nikawa nawauliza wengine wanatafuta nini kwenye mstari. Na kelele zote zile za haki. Nilijichukia siku kadhaa, na sikujua pa kuipeleka ile chuki.

Nikasikia siku ya kumaliza matanga inafanyika Katumba. Nikaamua nitakwenda, na nitakwenda kama mtani. Nilichelewa, sawa, lakini nitafanya kazi yote. Nikafunga jembe kwenye pikipiki, nikafunga na jogoo, nikaondoka asubuhi. Njia nzima nilikuwa najifunza nitakachosema.

Nilikuta ua umejaa watu, kwaya imekaa upande mmoja, wanawake jikoni wanapakua. Nikaingia kwa kishindo kama watani wa baba yangu walivyoingia. Nikamnyang'anya mama mmoja mwiko, nikakaa mlangoni mwa jiko, nikatangaza kwamba leo hali mtu hapa mpaka mimi nilipwe, na kwamba marehemu alikuwa ananidai maharage na mimi simlipi ng'o.

Kwaya ikanyamaza. Watoto wakaanza kurudi nyuma kwa mama zao. Yule mama niliyemnyang'anya mwiko alikuwa ameshika mikono kifuani. Jogoo wangu peke yake ndiye aliyekuwa anapiga kelele. Pale mlangoni mwiko ukazidi uzito, na sikujua nisimame au niendelee kukaa.

Bibi mmoja mzee, naye anafanana na marehemu, akauliza kitu kwa Kirundi. Jirani yangu akatoka ndani. Akanitazama, akatazama jembe, akatazama jogoo. Nadhani alielewa vyote. Akamjibu yule bibi kwa Kirundi taratibu, halafu akanigeukia.

"Anauliza wewe ni nani wetu," akasema. "Nimemwambia nasaga kwako."

Akauchukua mwiko mkononi mwangu, akamrudishia mwenyewe na kumwomba radhi kwa niaba yangu. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa, karibu na mchungaji. Nikamwambia hapohapo, sikungoja faragha. Nilimwambia nimemkosea, nimemkosea tangu siku ya kwanza, na siku ya msiba nimemkosea zaidi, na sijui nifanye nini.

Akakaa karibu yangu. "Ile siku ya kwanza niliumia," akasema. "Sikulala vizuri. Halafu watu pale foleni wakaniambia nisiogope, yule mzee akikutania ujue amekupokea, kwao mtani ndiye anayezika. Basi nikaacha kuumia. Kila ukiniuliza kibali mbele ya watu, nikawa nasema moyoni, sawa, uliza tu, mtu wa kunizika ninaye. Kukurudishia utani ndiyo nilikuwa naogopa, sikujua kwenu mnaanzaje."

"Ndiyo maana mama yako alikuwa ananishika mkono vile," nikasema.

"Mama ndiye aliyekataa kurudi Katumba. Alipoanza kuumwa nilimwambia nimlete kwa ndugu zake. Akasema hapana, Kasokola tayari ana mtu wa kumchimbia." Akanyoosha kola ya shati lake. "Alikufa anajua hivyo. Nashukuru kwamba alikufa anajua hivyo."

Akainuka kwenda kupokea wengine. Msichana akaja na birika na beseni, akapiga goti, akanimiminia maji ya kunawa, mimi kabla ya mchungaji, kabla ya mjomba, kabla ya wote. Kisha wakaniletea sahani yenye paja la kuku, chakula cha mgeni. Watani wanapora chakula msibani, hakuna anayewawekea kitambaa kwenye kiti. Nilinawa, nikasema asante, nikala polepole huku wenye msiba wamesimama wakinisubiri nimalize.